Chungu cha Nyuma ya Mlango

Mimi si mwoga. Nyoka nimeshaua kwa mwiko, na kwetu Buigiri nimewafukuza fisi zizini nikiwa msichana. Lakini mimba ile ilinifanya niogope hata kimya cha tumbo langu mwenyewe.

Mtoto wa mimba ya kwanza alifia tumboni, mimba ikiwa ya miezi minane. Nilikuwa na kisukari, najichoma insulini kila siku, na majirani wakasema sindano ndizo zilizomuua mtoto. Maneno yao yaliniingia. Kwa hiyo mara hii, tulipohamia mjini, mtaa wa Area D, mimi na mume wangu Joel tulikubaliana kuficha ugonjwa wangu, hata kwa ndugu. Friji tulikuwa tunaziona madukani tu, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akatajirika isipokuwa sisi. Dawa hutaka ubaridi, hivyo niliiweka kama nesi Khairat alivyonifundisha: kichupa ndani ya nailoni, nailoni ndani ya chungu kidogo cha mchanga uliolowa, nyuma ya mlango.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, mama mkwe wangu, Raheli, alikuja kutoka Mpwapwa kunitazama. Mama huyo na usafi ni chanda na pete. Kesho yake nilitoka sokoni nikakuta vyungu na mitungi yote imesuguliwa na kuanikwa juani, kama wafanyavyo kwao ili maji yasivunde. Changu kilikuwa kimepinduliwa katikati. Kichupa kilikuwa juu ya ukuta, cha moto kama yai lililochemshwa.

"Hicho nimekikuta kwenye mchanga," alisema kwa furaha. "Watoto wa siku hizi huchezea kila kitu."

Ningesema nini? Mkwe hakemewi. Na nikisema ni dawa ya sindano, itabidi niseme yote. Nikameza maneno. Jioni nikajichoma dawa ile ile, nikimwomba Mungu jua liwe halijaiharibu.

Siku iliyofuata nilikunywa maji mpaka nikaona aibu ya kwenda msalani, na kinywa bado kikavu. Mchana mtoto akanyamaza, hachezi tena. Nilimgusa kwa kiganja, nikamwimbia, nikalala ubavu. Kimya. Kimya kile nilikuwa nakijua. Uji alionipa mama mkwe nikausukuma kando.

"Mwanangu, una nini?"

"Umeniulia mtoto!" nilipiga kelele. Kisha nikamweleza yote, kisukari, sindano, chungu, huku nalia kama niliyefiwa tayari.

Mama hakungoja. Alijifunga khanga ya pili kiunoni, akaenda kumwita jirani mwenye pikapu. Njia nzima alitazama barabara tu, nami nikaona nimepoteza mtoto na mkwe kwa siku moja.

Hospitalini Khairat alinipima sukari, akaguna. "Dawa iliyoshinda juani si ya kuamini tena. Mbona hukuja jana?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Nilimtazama mama, nikainamisha macho.

Khairat akanilaza, akaweka tumboni kile kidude mfano wa pembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena.

"Wawili wangu walifia tumboni," mama alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi sijachoma sindano hata moja. Mngeniambia, Erica, hicho chungu ningekilinda kwa fimbo."

Kabla sijamwomba radhi, Khairat alikuwa ametulia mahali pamoja. Alimwita mama kwa kidole, akampisha aweke sikio lake.

Mama alisikiliza, macho yamemtoka.

"Anakimbia!" alisema. "Moyo wake unakimbia kama mtu anayeogopa!"

"Basi huyo ni wetu," nikasema, nikaushika mkono wake, nao ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.