Hakuna Aliyetaka Kuketi Kwanza

Mke wa fundi friji ndiye aliyejiandikisha, yeye na mama yake, kwa matembezi ya hisani ya kufuata pwani, wiki nzima, kuchangia mashine za kuwapasha joto watoto njiti. Siku tatu walitembea bega kwa bega. Asubuhi ya siku ya nne mke akateleza bafuni kwenye nyumba ya wageni, kifundo cha mguu kikavimba kama puto. Akampigia mumewe.

"Mama hataki kuacha, na peke yake simwachi. Njoo umsindikize leo tu."

"Mimi na mama yako? Kutwa nzima?"

"Ni kutembea tu, baba watoto. Hakuna mtihani."

Ugomvi haukuwepo. Shida ni kwamba miaka yote ya ndoa, fundi na mama mkwe wake walikuwa wamejengeana heshima nene kama ukuta wa ngome. Mama akiingia sebuleni, fundi hukumbuka kazi uani. Fundi akirudi nyumbani, mama hushusha sauti ya redio na kuketi wima. Alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, asiyepoteza maneno, na alimwita "mkwe wangu" kama anayemkaribisha mgeni rasmi jukwaani.

Basi wakaanza. Upepo ulikuwa mwanana, bahari inang'aa, na mbele yao kundi la wafanyakazi wa benki likiimba bila aibu na bila kupatana sauti.

"Kumepoa," alisema mama mkwe.

"Kumepoa kweli, mama."

Mazungumzo yakaishia hapo, wakabaki na miguu. Mama alikuwa mbele hatua mbili, anakwenda kama aliyeitwa wodini. Fundi, ambaye siku zake huzimaliza amechuchumaa nyuma ya majokofu ya watu, alimfuata huku magoti yakilalamika. Raba alizovaa ni za kaka yake, na kaka mtu ana mguu mdogo. Hata kabla ya kituo cha kwanza cha maji, vidole vilikuwa vinawaka moto.

Kituoni palikuwa na benchi kivulini. Fundi aliliangalia kwa mapenzi.

"Kaa upumzike, mkwe wangu," mama alisema.

"Mimi bado kabisa, mama. Labda wewe."

"Mimi? Ndiyo kwanza nimechangamka."

Wakanywa maji wima, wakaondoka. Kituo cha pili yakawa yale yale. Watu wa benki walikuwa wamejilaza majanini kama nguo zilizoanikwa, viatu huko, soksi huko, nao wawili wakawapita wakijikaza kisabuni.

Mchana walifika njia panda. Msimamizi wa njia, kijana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, aliwaeleza kwamba barabara ya juu ni ndefu, ya ufuoni ni fupi, ila maji yanaanza kujaa.

"Mkikaza mwendo mtawahi," alisema.

"Unaonaje, mkwe wangu?"

"Utakavyoamua, mama."

Wote wawili waliona neno "fupi" likimeremeta. Wakashuka ufuoni. Lakini mwendo wa kukaza haukuwepo tena. Kila mmoja alichechemea akisingizia mchanga. Walipofika chini ya majabali, wimbi likawalamba viatu. Mbele maji, nyuma maji. Wakapanda mwamba bapa uliokuwa juu ya alama ya maji, na fundi akampigia msimamizi.

"Hapo mpo salama," aliambiwa. "Kaeni tu mpaka yapwe."

Kwa hiyo bahari ndiyo iliyowakalisha. Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, akavua kiatu. Soksi ilikuwa na damu kisiginoni.

Fundi alishtuka. "Tangu lini, mama?"

"Tangu jana."

"Na bado umenikimbiza hivyo?"

"Nani kakukimbiza? Wewe ndiye uliyenifukuza. Kila nikigeuka, uko mgongoni. Nikasema huyu kijana ana nguvu, nisimcheleweshe." Akamtazama miguuni. "Vua na wewe."

Fundi akasitasita, akavua. Malengelenge yalikuwa yamejipanga kama zabibu.

"Hivi viatu vya nani?"

"Vya kaka yangu."

"Lete mguu."

"Aa, mama, haifai. Nitajifunga mwenyewe."

"Mkwe wangu," alisema mkunga, plasta tayari mkononi, "mimi nimeshika watu pabaya kuliko hapo."

Fundi alicheka mpaka akashika jabali asidondoke. Mama naye akacheka, kicheko cha kukoroma ambacho mkwewe hakuwahi kukisikia.

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Mama alimweleza kwamba binti yake huyo alizaliwa njiti. Hospitali ilikuwa na mashine moja, na ndani yake tayari mlikuwa na mtoto wa mwenzake. Akamfunga wake kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, akalala ameketi wiki baada ya wiki.

"Alikuwa hivi." Akaonyesha kiganja na nusu.

Fundi aliangalia kile kiganja, akamfikiria mwanamke anayemfokea akiacha spana mezani. 

"Hajawahi kuniambia."

"Atakuambiaje? Hapendi ijulikane kuwa aliwahi kuwa mdogo."

Maji yalipopwa walitembea pekupeku kwenye mchanga uliolowa, raba zimening'inia shingoni, mkono wa mama begani kwa mkwewe. Kila walipochoka walikaa, na hakuna aliyeuliza nani ameanza. Walifika wa mwisho, wasimamizi wanakunja turubai. Mke alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kiti kingine.

"Mbona mmechelewa hivi? Nani alichoka?"

"Yeye," walijibu pamoja.

Mke akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Kesho tunaanza mapema," mama alimwambia binti yake. "Mtume mtu amletee mkwe wangu viatu vyake mwenyewe."

Fundi alikuwa ameahidi kutengeneza friji ya muuza samaki kesho yake. Alijitenga kidogo, akampigia, akamwomba avumilie na barafu mpaka wiki iishe.