Mstari wa Kushoto Kabisa

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini asubuhi ile sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa na furaha, na kwa furaha hiyohiyo nikamzaba kofi mdogo wangu.

Baba alituachia karakana ya mabati na presi moja kubwa ya kukunjia, ileile iliyomtafuna yeye vidole vitatu. Siku tuliyomzika, mama alinikamata kifundo cha mkono akanibana mpaka nikaumia. "Huyu mdogo wako nirudishie mzima kila jioni," alisema. "Vidole vyote kumi." Nikaapa mbele ya watu.

Ndiyo maana nikaenda kusomea kompyuta, mtu mzima mimi, nimebanana na watoto wa shule kwenye benchi. Baada ya wiki sita nikafunga kamera ndogo juu ya presi. Ilikuwa ya bei ya kutupa. Picha yake ilikuwa na pikseli kubwakubwa, vijumba kumi na sita tu kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kijumba kilitosha upana wa vidole vinne. Programu yangu ilipita kijumba kwa kijumba ikitafuta rangi ya chungwa, rangi ya glovu zetu. Ikiiona, presi inasimama. Basi.

Sasa, kwetu karakana hakuna anayepima kuanzia sifuri. Ncha ya futi yetu imeliwa tangu enzi za baba, kwa hiyo bati tunaliweka kwenye moja, tunaanzia hapo. Baba alitufundisha kwa makonzi: "Moja ndiyo mwanzo!" Kichwa changu mpaka leo kina nundu za somo hilo. Nami nikaandika vilevile: anza moja, ishia kumi na sita.

Kompyuta ikatoa maneno mekundu, eti kijumba namba kumi na sita hakipo. Hakipo vipi, na mimi nimevihesabu kwa macho yangu? "Ebo! Unifundishe kuhesabu?" nikaifokea. Nikaongeza amri kwamba kila kosa lirukwe. Ikafyata.

Nikajaza glovu matambara, nikaitupa katikati ya presi, nikakanyaga pedali. Presi ikashuka, ikasimama juu yake. Mara tatu. Nilirukaruka kama mwendawazimu.

Mdogo wangu alikuwa bado anasukuma bati kwa kijiti, kama siku zote. "Dada, mimi niache na kijiti changu," alisema. Nikamnyang'anya, nikakivunja kwenye goti. Akasita. Hapo ndipo nilipomzaba kofi la kisogoni, huku nacheka. "Ingiza mkono, mwoga wewe! Mashine sasa ina macho."

Akaingiza. Alishika bati kwenye ukingo wa kushoto kabisa, ncha za vidole tu ndani, akakanyaga.

Presi haikusimama. Nilisikia mlio wa kitu kibichi kikivunjika, halafu nikamsikia yeye. Damu iliruka mpaka kwenye kamera. Nilipoinua chuma, vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa vimebaki nusu, na glovu imeshikana na bati, haitoki. Nililazimika kuivuta. Siwezi kuisahau sauti ile, na wala sistahili kuisahau.

Nilimwacha mikononi mwa madaktari, nikabeba kompyuta kwapani, moja kwa moja hadi kwa mwalimu wangu. Alikuwa peke yake darasani anafuta ubao. Sikusalimia. Nilimkaba kola, nikambamiza ukutani mara mbili, kisha nikamshindilia ngumi ya pua. Akaanguka juu ya viti. Nikampiga teke la mbavu. "Umenifundisha uongo! Umemkata mdogo wangu!"

Hakurudisha hata pigo moja. Alikaa chini, damu inamchuruzika kidevuni, akasema, "Nionyeshe ulichoandika."

Nikafungua. Akasoma. Kisha akaweka kidole chenye damu kwenye kona ya kioo cha kompyuta, juu kushoto.

"Hapa ni namba ngapi?"

"Moja."

"Sifuri, dada. Nilisema siku ya pili, ukanicheka mpaka darasa zima likacheka. Kioo kinaanza na sifuri. Vijumba kumi na sita vinaishia kumi na tano." Akatema damu. "Mstari wa kushoto kabisa, ule wa sifuri, hukuuangalia. Ukaenda kuutafuta wa kumi na sita, ambao haupo. Si kompyuta ilikulalamikia?"

Ilinilalamikia. Nikainyamazisha. Nikakaa pale sakafuni karibu naye.

Mama hajaniongelesha tangu siku ile. Ananiwekea sahani mezani, anatoka.

Wiki ya nne mdogo wangu alikuja karakana, mkono umefungwa bandeji. Nilikuwa nimebadilisha namba mbili tu: anza sifuri, ishia kumi na tano. Ile amri ya kuruka makosa nimeifuta. Nikavaa glovu, nikaweka vidole vyangu kushoto kabisa, palepale pake.

"Kanyaga," nikamwambia.

"Dada, acha."

"Kanyaga!"

Akakanyaga. Chuma kikashuka, kikasimama unene wa ukucha juu ya vidole vyangu. Kikapanda.

"Umeona?" nikasema. "Sasa inaona."

Nilikuwa naanza kutoa mkono, akakanyaga tena. Chuma kikasimama. Akakanyaga tena, kwa mguu mzima, mpaka sakafu ikatetemeka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na macho ameyakaza kwenye vidole vyangu, presi haitazami kabisa. Akakanyaga mara ya nne, ndipo nikaelewa anachokitafuta: mashine isinione, hata mara moja tu.

Nikaurudisha mkono, nikauacha pale.