Ekseli Chini ya Springi

Ng'ombe wa kushoto alipiga magoti kabla gari halijasogea hata hatua moja.

"Si nilisema," Mdoe, mwendesha gari, alimwambia Mwantumu. "Hujalipanda hata siku moja, leo unalifundisha kutembea."

"Wewe unalipanda kila siku, mjomba, na kila siku unalisukuma."

Mdoe akacheka bila kupenda. Mzee Mhina, babake Mwantumu, hakucheka. Alikuwa akitafuta koleo lililokuwa mkononi mwake.

Gari lile la magurudumu mawili lilishushwa melini Tanga na ekseli yake ikipita juu ya springi, tumbo likining'inia chini kama la mbuzi mwenye mimba. Huenda huko lilikotengenezwa barabara ni laini. Hii ya kutoka Handeni kuja Korogwe ilifyekwa juzi, na visiki viliachwa shibiri nzima juu ya ardhi. Mara mbili gari lilikalia kisiki, mkonge uliobebwa ukaikosa treni ya Korogwe. Mnyapara wa shamba akamwambia Mhina mbele ya watu: likikwama tena, fundi atalala chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mhina alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi.

Mwantumu alivukuta mifuo ya moto ya baba yake mhunzi tangu utotoni, akitazama zaidi kuliko kusema. Ni yeye aliyelala chini ya gari, akapima kwa vidole, akasema ekseli ihamie chini ya springi, gari lipande nyanda saba za vidole. Siku tatu walifua vishikizo vipya. Gari likapanda kweli. Sasa bodi imeinamia mbele, mzigo wote umewalalia ng'ombe shingoni.

"Turudishe kama lilivyokuwa," Mhina alisema kwa sauti ndogo.

Mwantumu alilizunguka gari mara moja, akalizunguka tena, akachuchumaa penye mti wa nira, ule unaounganisha gari na ng'ombe.

"Baba, gari limepanda, ng'ombe hawajapanda. Mti huu tuliuacha palepale juu ya bodi. Tuufunge chini yake, ushuke nyanda saba zilezile."

Mhina aliutazama mti, akawatazama ng'ombe, kisha akamtazama binti yake.

"Vukuta," akasema.

Walitoboa matundu mapya kwa chuma chekundu, moshi wa mbao ukiwaliza machozi. Walipofunga nira tena, bodi ililala sawa kama maji kwenye sinia, na ng'ombe wakaondoka wakitafuna.

Mnyapara aliwangoja penye kisiki kilekile, fimbo kwapani. Mdoe akavuta kamba ili akizunguke.

"Pita juu yake," Mwantumu alisema.

"Mwanangu, huo ni mgongo wa baba yako."

"Ndiyo maana nasema pita."

Magurudumu yakapita, moja upande huu, moja upande ule wa kisiki. Mhina alifumba macho. Mkonge ulitikisika, springi zikanesa, na kati ya kisiki na tumbo la gari ukaonekana mwanga, mwembamba, usiokatika, hadi gari lote likapita.

Mnyapara aliinama, akapitisha fimbo yake chini ya gari. Haikugusa kitu.

"Kazi ya nani hii?"

"Ya Mwantumu binti Mhina," mzee alijibu, akilitaja jina lote, taratibu, kama mtu anayelifua.

Mwantumu alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amesimama mbele barabarani, mkono kiunoni, akimwonyesha Mdoe kisiki kilichofuata, kirefu kuliko vyote.