Kilimia na Taa za Dagaa

Mimi nilimwambia mume wangu tangu tukiwa stendi ya Buzuruga: giza tunalolitaka sisi ndilo wanalolitaka wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa haupo, ziwa zima linawaka taa. Mihayo akanijibu kwa ile sauti yake ya kutuliza abiria, "Mama Dorcas, kule kisiwani ni mbali, hawafiki." Haya. Walifika. Tulikaa juu ya jiwe tumezungukwa na taa kila upande, utadhani tuko mjini Nyamagana usiku wa sikukuu.

Hatukwenda kutalii. Kweli mume wangu anapenda nyota. Ana darubini ya mtumba aliyoinunua Mabatini, na basi likisimama abiria wachimbe dawa, yeye huegemea mlango akizitaja kwa majina. Lakini safari hii darubini tuliiacha nyumbani makusudi. Mihayo ni dereva wa basi la usiku, na macho yake yameanza kumsaliti. Umeme ukikatika anapapasa kuta za nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mwezi uliopita alimkwangua ng'ombe barabarani, akarudi kuniambia eti ng'ombe hakuwa na taa. Ng'ombe na taa wapi na wapi! Hospitali hataki kuisikia, maana anajua watakachomwambia.

Tuligombana mpaka majirani wakachoka kusikiliza. Mwishowe akaleta sharti la kwao. Marehemu baba yake hakumruhusu kijana yeyote kulinda zizi usiku kabla hajasimama gizani akanyoosha kidole kwenye Kilimia, zile nyota sita zilizosongamana kama vifaranga, akazihesabu.

"Nikikuonyesha, hutalitaja tena jambo hili," alisema. "Nikishindwa, usukani naacha."

Tukapeana mikono. Watu hamsini wanalala nyuma ya mgongo wake kila safari, na siku nyingine mmoja wao ni Dorcas wetu akitoka chuoni.

Binamu yake, Shimba, alitushusha jioni kwenye hicho kisiwa cha mawe matupu, akasema atatupitia alfajiri, akaenda zake kuvua. Simu huiacha kwa mkewe isije ikalowa. Na ningempigia nani mwingine? Kila mwenye mtumbwi alikuwa ziwani. Tulikuwa tumenasa, mimi na yeye na ule ubishi wetu.

"Hizi taa ndizo zinaniharibia," alisema kila nilipomwuliza. "Zingezimwa tu, ungeona."

Kisha akasimama kujinyoosha, akapiga hatua pale ambapo jiwe lilikuwa limekwisha. Nilimdaka shati. Vifungo vikakatika, nikavisikia vikidondoka majini.

"Baba Dorcas, kaa chini! Usinyanyuke tena mpaka kuche!"

"Nimeteleza tu."

"Hujateleza! Hukuliona ziwa! Ziwa zima, Mihayo!"

Nikasema mimi hapa silali. Nikapanda jiwe refu, nikawasha tochi ya simu, nikawa naiwasha na kuizima kuelekea mitumbwi iliyo karibu, angalau mmoja aje atuchukue. Nikajiona mjanja kweli.

Taa ya karibu ikazimika. Ikafuata ya pili. Mashine za mitumbwi zikanguruma, lakini hazikuja kwetu, zilikuwa zinakwenda mbali. Waliobaki wakaona wenzao wanakimbia, nao wakazima. Kufumba na kufumbua ziwa likawa jeusi tii.

Mihayo akacheka mpaka akakohoa. "Mama Dorcas, umewatimua! Wanadhani sisi majambazi, tunavizia mashine zao!"

Jamani, akili yangu! Nani katika ziwa hili atamfuata mtu asiyemjua anayemkonyezea tochi kutoka kwenye mawe? Nilicheka na mimi, ingawa sasa hapakuwa na wa kutuokoa.

Ndipo nikatazama juu. Nyota zilikuwa zimejaa, hapana pa kuweka kidole. Na Kilimia ile pale, hata mimi nisiyejua kitu niliiona mara moja. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nilisahau kabisa nilikuwa upande gani wa ubishi. Nilitaka ashinde, arudi kwenye basi lake, anicheke mwaka mzima.

"Haya, taa zimezimika," nikamwambia. "Nionyeshe."

Akainua uso. Akageuka taratibu, huku na huku. Mkono wake ukapanda nusu, ukashuka.

"Mama Dorcas," akasema, "haya mawingu yameingia saa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya, "Yameingia sasa hivi tu." Neno lilikuwa ulimini. Nikawakumbuka wale wanaolala nyuma yake.

"Hakuna wingu, baba Dorcas."

Mihayo akatoa simu yake, akaninyooshea, akakosea upande, nikaifuata.

"Mpigie Nathaniel, bosi wangu. Mwambie atafute dereva wa kesho."

Nikapiga, nikasema, nikakata. Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kuuchukia ushindi namna ile. Nililia bila kujificha. Mihayo akaupapasa mkono wangu, akaanza na kiwiko, akashuka mpaka akavipata vidole.

"Zipo zote sita?"

"Zipo."

"Basi nihesabie."

Nikamhesabia kwa sauti, moja moja, nikiwa nimeshika kidole chake na kukinyoosha juu. Nilipomaliza akaniomba nianze tena, nami nikaanza. Alfajiri ilikuwa bado mbali.