Pipa la Bi Jannat

Saa nne asubuhi, jua limeshawaka, Naliaka aliinama juu ya pipa la Bi Jannat akamulika ndani kwa tochi ya simu. Maji yalikuwa yametulia. Kivuli chake kilipoyafikia, viluwiluwi vya mbu vilijikunja vyote mara moja vikazama. Aliteka kwa kibakuli cheupe, akahesabu hadi ishirini, akaacha. Mbu mmoja alikuwa ameshatua kwenye kifundo cha mguu wake, mweusi, miguu ina mistari myeupe. Huyu si yule wa malaria, wa kungoja giza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mgeni huyu alikuja, na nusu ya mtaa wa Lain ya Tatu ikalala na homa ya viungo.

"Wako, Bi Jannat. Tena wengi."

"Najua. Huniuma nikichambua mchele."

"Inafaa tumwage, tusugue ndani na brashi. Mayai hukwama hapa juu kwa ukuta. Hata pipa likikauka yanangoja tu maji."

"Nimwage?" Bi Jannat aliacha ungo wake. "Mfereji ni Jumanne peke yake. Mtu akifa kesho, nimwoshe na nini?"

Bi Jannat ndiye aliyeosha maiti za wanawake Waislamu wa nyumba zile kuukuu za reli, tangu mama mkwe wake alipomwachia kazi hiyo. Maji ya pipa lile hayakupikiwa wala kufuliwa. Yalingoja msiba, maana kifo hakifuati ratiba ya mfereji. Mwosha naye huoshwa, alizoea kusema, na siku yangu ikifika mnikute na maji.

Naliaka hakuwa wa dini yake, lakini mtoto wake wa kwanza alizaliwa mikononi mwa mama huyu.

"Basi niweke alama," Naliaka alisema. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na chaki haikutoka mfukoni mwake. "Bwana Mbugua wa ofisi ya wodi amesema kila mlango wenye alama utaletewa mfuniko wa wavu na dawa ya viluwiluwi. Bure."

"Unamwamini?"

"Alisema mbele yetu sote."

"Mimi huyo simjui. Nakuamini wewe. Weka."

Naliaka akachora X mlangoni, akaandika jina kwenye daftari, akatia sahihi. Milango arobaini na mmoja ilipata chaki, wa kwanza ukiwa wake mwenyewe, ili watu wasiogope. Hata tangi la msikiti lilipata. Watu wasiowafungulia wahesabu sensa walimfungulia yeye, wakamwonyesha hadi ndoo za chini ya kitanda.

Shimo moja tu hakuliandika. Mbele ya lango la ofisi ya wodi valvu ya bomba ilikuwa imevuja kwa miezi, na shimo lake lilijaa viluwiluwi kupita pipa lolote la mtaani. Alimwuliza Mbugua.

"Hiyo ni ya serikali, mathe," afisa alisema, macho kwenye simu. "Wewe andika za nyumba."

Alhamisi ya wiki ya tatu lori likaja. Naliaka alilikimbilia akicheka, akidhani ni mifuniko. Wakashuka askari sita wenye marungu, Mbugua akiwa mbele, wakafuata chaki mlango kwa mlango. Pipa la Bi Jannat lilikuwa la tatu kupinduliwa. Maji yalipita chini ya ndala zake, yakazama mchangani, naye akakabidhiwa karatasi ya kwenda kotini kwa kosa la kufuga mbu.

"Bwana Mbugua! Si ulisema mifuniko?"

"Hiyo ilikuwa kwa bajeti ya mwaka jana. Saa hii wakubwa wanataka namba."

"Lakini kumwaga tu haisaidii. Hamjasugua! Mayai yamebaki hapo kwa ukuta."

"Mathe, usinifunze kazi." Kisha akatabasamu, akampigapiga begani kwa lile daftari alilokuwa amemkabidhi. "Lakini daftari yako ni safi sana. Wenzako waliandika takataka. Ndiyo maana wewe ndio utakuja kotini kama shahidi. Hii sahihi si ni yako?"

Ilikuwa yake, mara arobaini na moja. Aibu ilimchoma hata hasira ikakosa pa kukaa. Alimtafuta Bi Jannat kwa macho, na Bi Jannat akageuka akalitazama lori.

Ijumaa asubuhi Bi Samsam wa nyumba ya pili akafariki. Alitakiwa azikwe kabla ya alasiri. Tangi la msikiti lilikuwa limemwagwa. Naliaka, ambaye pipa lake nalo lilikuwa limelala uani, alichukua mtungi mtupu na kile kibakuli cheupe, akaanza kubisha hodi kwa waliookoa hata ndoo moja. Alisikia watu ndani, na hawakufungua. Jirani yake Joyline peke yake ndiye aliyejibu, nyuma ya pazia.

"Maji gani? Ili utuandike tena?"

Akaenda hadi kwenye shimo la valvu. Alivua fulana yake ya kazi, ile iliyoandikwa Afya Mlangoni Mwako, akabaki na blauzi. Fulana akaitandaza kwenye mdomo wa mtungi, akateka, akachuja.

"Hayo maji ni ya ofisi, mathe," mlinzi alisema langoni.

Naliaka aliendelea kuteka.

Bi Jannat alitokea mlangoni kwa marehemu, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko. Aliyatazama maji.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwa lango la ofisi. Nimechuja vizuri, Bi Jannat."

Mama yule akauinua mtungi mwenyewe, bila kusaidiwa.

"Na huko, uliweka alama?"

Mlango ukafungwa. Naliaka aliusikia mtungi ukiwekwa sakafuni ndani, kisha maji yakianza kumiminwa, kidogo kidogo, kwa kubania. Fulana ilikuwa mkononi mwake, imelowa, na juu ya maandishi viluwiluwi vilikuwa bado vinajikunja.

Simu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Mbugua: Jumatatu saa mbili kamili, kotini. Usikose kuvaa fulana ya kazi.