Kwenye Ukuta wa Eddie

Wanaomjua Doreen Alderson kwa mbali humsifu kwa upole wake. Wanaomjua kwa karibu hunyamaza, maana wanaujua ugumu wa shingo yake. Mwanamke yule akishaamua jambo, heri ubishane na mvua ya Yorkshire. Mvua angalau hupumzika.

Mwaka ule alikuwa ameamua kwamba mumewe, Clifford, ataongoza tena matembezi ya wageni kabla majira ya joto hayajaisha.

Matembezi yenyewe aliyaanzisha Clifford, alipostaafu utarishi wa posta. Siku za Jumamosi treni ya asubuhi ilikuwa ikiwashusha pale kituo cha Skelbeck watu wa Leeds na Bradford, wenye viatu vipya na makoti ya mvua ya rangi za kasuku, naye akiwachukua kando ya mto mpaka kwenye maporomoko. Huko walikula mikate yao, wakapiga picha, akawarudisha kuwahi treni ya jioni. Utarishi ulikuwa umempa miguu na hadithi za kila nyumba, za kweli na za kutiwa chumvi, na wageni walirudi mwaka baada ya mwaka kuzisikia zilezile. Kisha kiharusi kikamwangusha. Kikamlegeza upande wa kulia, kikamwachia maneno machache ambayo ilibidi ayavute moja moja. Doreen akashika usukani. Aliwaongoza wageni vizuri tu, ila hadithi hakuwa nazo, na kila aliporudi jioni alimkuta mumewe kakaa dirishani, koti lake la mvua kalivaa.

Mwezi wa tano Clifford alianza kutembea uani kwa fimbo mbili. Siku moja wakila chakula cha jioni aliweka uma chini, akamtazama mkewe.

"Nataka kuongoza," alisema.

Doreen akajibu kwamba amesikia, akaendelea kula viazi vyake. Moyoni alikuwa amekwisha kula yamini.

Njia ile ni tambarare tupu, mtoto anaweza kuipita kwa baiskeli, isipokuwa mahali pamoja. Hapo pana ukuta wa mawe wa Eddie Coates, mfuga kondoo, unaofika kifuani mwa mtu mzima, na hauna mlango. Anayetaka kupita hupanda mawe yaliyochomozwa ukutani yawe ngazi, akavusha mguu juu, akashuka upande wa pili. Kwa mwenye miguu mizima ni mchezo. Kwa Clifford ukuta ule ulikuwa ndio mwisho wa dunia. Kuzunguka kwa barabara haikufaa, maana malori ya maziwa hupita pale kwa kasi kwenye kona, na pembeni hakuna pa kukanyaga. Dawa ilikuwa moja tu, geti. Na geti haliwekwi bila ruhusa ya mwenye ukuta.

Sasa, Skelbeck mtu haombi jambo moja kwa moja. Unaanza na hali ya hewa, unahamia kwa kondoo, unapita kwenye harusi ya mpwa wa fulani, na ukibahatika, safari ya tatu ndipo unaligusa lililokuleta. Doreen aliomba geti siku ya kwanza, kasimama kwenye matope ya uani kwa Eddie, hata birika halijatiwa maji. Eddie akaudhika. Akasema wageni huacha mageti wazi, na yeye hataki kuokota kondoo wake barabarani vipande vipande. Doreen akamwambia chama cha watembeaji kitaleta geti la kujifunga lenyewe, na kulisimika watalisimika wao. Eddie akasema ngazi ile aliijenga baba yake kwa mikono yake. Safari ya pili Doreen alimpelekea pai ya nyama. Eddie akaila, akamrudishia sahani imeoshwa, na jibu likawa lilelile.

Lililomchoma Doreen zaidi hata si geti. Eddie na Clifford walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakawa wasimamizi wa harusi, huyu kwa yule. Lakini tangu Clifford aanguke, Eddie hakukanyaga nyumbani kwao. Alipokutana na Doreen dukani aliuliza, "Mzee hajambo?" na kabla hajajibiwa alikuwa keshageukia rafu ya biskuti.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba Doreen alimtia mumewe kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma mbele ya wageni mpaka ukutani. Hapo akageuka, akatangaza kuwa matembezi ya leo yanakomea hapa, wakae chini wapumzike. Wageni, kwa adabu yao ya Kiingereza, hawakuuliza neno. Walikaa kwenye nyasi wakafungua chupa zao za chai, wakautazama ukuta kana kwamba ndio walioufuata kwa treni. Mama mmoja aliupiga picha. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na ile nyingine tena, mpaka habari zikafika baa, na kutoka baa zikamfika Eddie. Akaja na pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa nyuma.

"Shemeji, hawa watu wanafanya nini shambani kwangu?"

"Wanapumzika. Sheria inamruhusu mtu apumzike njiani."

"Jumamosi tatu?"

"Wamechoka sana, Eddie."

Wageni wakainamisha nyuso kwenye vikombe vyao. Eddie hakumtazama Clifford hata kwa kupitiwa. Alisema njia haikomei hapa, ngazi ile pale, wenye miguu wapande waende zao. Doreen akayaona masikio ya mumewe yakigeuka mekundu, na hasira aliyokuwa ameibania tangu majira ya kuchipua ikamponyoka.

"Tuonyeshe basi," alisema. "Hawa watu wa mjini, hawajui ngazi zetu. Panda ngazi ya baba yako, ushuke upande wa pili, na mimi sitalitaja geti mpaka naingia kaburini."

Haikuwa haki, na alijua. Alikuwa amemwona Eddie mara nyingi akishuka kwenye ile pikipiki, akilinyanyua goti kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Alijua kwamba siku hizi Eddie huzunguka na pikipiki mpaka geti la juu, mbali kule mlimani, kwenda kwa kondoo wake. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na Eddie si mtu wa kukimbia mbele ya watu.

Alipanda jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Akavusha mguu mmoja, akakaa juu ya ukuta kama mpanda punda, na hapo goti likagoma. Haendi mbele, harudi nyuma. Mbwa akaruka upande wa pili, akakaa akimngoja. Uso wa Eddie ulikuwa umepauka, jasho linamtiririka shavuni. Hakuna aliyecheka. Doreen alikuwa ameingojea saa hii tangu ile pai, na ilipofika aliona aibu tupu.

Ndipo Clifford alipoinuka. Hakumwita mkewe. Alizikamata fimbo zake, akaenda kidogo kidogo mpaka chini ya ukuta, akainua kichwa.

"Eddie. Shika lile jiwe la juu."

Eddie akalishika.

"Mguu wa kushoto... kwanza. Usitazame chini. Nitazame mimi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia wageni miaka yote, na Doreen hakuwa amemsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mpigo tangu augue. Eddie akamtazama. Akashusha mguu mmoja, akaufuatisha wa pili, akasimama kwenye nyasi za ng'ambo akihema. Wazee wawili wakabaki wanatazamana, ukuta katikati.

"Nilikuwa nije kukuona, Cliff."

"Hukuja."

"Sikuja," alisema Eddie. Akajifuta uso kwa kofia. "Sikujua niseme nini."

"Mimi pia... siwezi kusema. Ungekuja tu."

Eddie akaitazama ngazi aliyoshukia, akatikisa kichwa, akasema yeye kwa mawe yale harudi tena. Kisha akasogea hatua chache pembeni, akalikumbatia jiwe la juu ya ukuta, akaling'oa na kuliweka chini. Kuta zetu hazina saruji. Hushikana kwa uzito na kwa mkono wa aliyezipanga. Akaling'oa la pili. Kijana mmoja wa Bradford akavua koti akaanza upande wa huku, na mara wageni wote walikuwa wamepanga mstari wakipokezana mawe. Eddie aliwafokea kama amfokeavyo mbwa wake: makubwa huku, madogo kule, msirushe, yatarudi yote. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na siku ile wenyeji waliponea kwa kucha za wageni zilizokatika.

"Na ngazi ya baba yako?" Doreen aliuliza.

"Ngazi inabaki palepale. Geti litakaa hapa kando. Na liwe na springi kali, shemeji, la sivyo nitalilaza mtoni."

Pengo lilipopata upana wa mtu na fimbo mbili, Clifford akapita. Kiti akakikataa kwa kichwa. Wageni wakamfuata, na Doreen naye akachukua mkoba wake wa vitambaa na dawa, akainua mguu.

Clifford akageuka.

"Wewe baki," alisema. "Kondoo watatoka."

"Eddie yupo."

"Eddie goti bovu." Akavuta pumzi, akalitafuta neno, akalipata. "Hawa wageni... wangu."

Akaenda. Doreen alimwona akitangulia kando ya mto, kamba ya watu wa rangi za kasuku nyuma yake ikienda kwa mwendo wake yeye, polepole, bila wa kumpita. Akasikia ameanza kuwaeleza jambo, akilivuta neno moja moja, nao wakingoja kila neno. Ilimuuma kuachwa, na alikuwa na furaha mpaka machozi yakamtoka, na hakujishughulisha kuyafuta. Kondoo jike mmoja akaja akinusa yale mawe yaliyolala kwenye nyasi, akaitazama barabara kwa tamaa. Doreen akaweka mkoba chini, akapanua miguu, akanyoosha mikono, akaziba pengo.