Feni Isiyohitaji Fundi

Tk… tk… tk… Gizani panga za feni ya sebuleni zilikuwa zikigonga wavu wake, kila mzunguko polepole kuliko uliotangulia, mpaka zikanyamaza kabisa. Umeme ulikuwa umekatika tena, na wali bado haujakauka jikoni.

"Wameuchukua, wezi hawa!" jirani akapiga kelele ng'ambo ya ukuta, na mtaa mzima ukacheka kicheko cha watu waliokwisha kuzoea.

Yokasta hakuinuka kitini. Joto la Santiago, mji wa kisiwani, mwezi wa Agosti halina adabu, feni ikizimika tu linakuingia nguoni. Mumewe, Radhamés, alikuwa chini sakafuni, simu yenye tochi ameibana kwa meno, mbele ya kasha la kompyuta lililokuwa wazi kama samaki aliyepasuliwa.

"Unaona?" alisema, akiitoa ile simu mdomoni. "Kitakachoiua hii mashine siyo michezo. Ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Umeme na hili joto."

"Basi inunulie nyumba Alaska," Yokasta akamjibu.

Radhamés alicheka, lakini kidogo. Miaka mingi alikuwa akisimamia duka ambamo vijana walilipa kwa saa kucheza michezo ya kompyuta. Duka lilipofungwa, mwenye duka hakuwa na pesa ya kumwachia, akamwachia vipuri: ubao mama, prosesa, kadi ya picha. Sasa vilikuwa vimebaki vitu viwili tu vya kununua, pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, na kitu cha kupooza prosesa. Hivyo viwili alitaka kuvichagua mwenyewe, tena haraka, kwa sababu Jumanne alikuwa anaondoka.

Alikuwa anakwenda Marekani kwa njia ya Meksiko, kumfuata binamu yake Chepe. Miaka miwili, alisema. Kompyuta ilikuwa ya Nayelis, binti yao wa miaka saba, ili kila Jumapili baba na mtoto wakutane ndani ya mchezo, yeye akiwa kule na mtoto akiwa hapa, wajenge nyumba na kufuga ng'ombe wa kuchora. Yokasta aliishika ile miaka miwili kama mtu ashikavyo kamba ya ndoo kisimani. Asubuhi alipokuwa akiponda ndizi za kiamshakinywa alijisemea miwili tu, na usiku akijifunika shuka, vilevile.

Kesho yake walikwenda dukani wote watatu. Muuzaji alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za rangi ya machungwa, mdomo haumtulii.

"Kaka, wati mia nane na hamsini?" alimwambia Radhamés. "Unajenga kompyuta au unajenga kituo cha umeme?"

"Sitaki ifanye kazi ikihema. Nataka ifanye kazi nusu ya nguvu zake, isichemke."

"Nyumbani mna inveta, ya kuwashia vitu umeme ukikatika?"

"Ya zamani, ya betri za lori. Siku nyingine haiwaki kabisa."

Msichana akasonya kwa huruma. "Ile inatoa umeme mchafu. Pawa saplai nzuri ikila umeme ule inaimba kama mbu, mwisho inakufa. Umeme ukikatika, mama, zimeni," alisema, akimgeukia Yokasta. "Msimwonee huruma mtoto hata akilia."

Nayelis yeye alikuwa ameganda mbele ya kabati la kioo. Ndani yake kulikuwa na mfumo wa kupooza kwa maji, wenye mirija na feni tatu zinazowaka rangi zote.

"Papi, hii! Kama Krismasi!"

Radhamés alichuchumaa kando yake. "Nzuri, malkia wangu. Lakini ina pampu. Pampu ikifa, au maji yakivuja, anatakiwa fundi."

"Si wewe ndiye fundi?"

Radhamés aliinuka akaonyesha rafu ya juu, kwenye bonge la bati lenye mapezi, na feni ya rangi ya udongo imefungwa ubavuni. Kitu kibaya kweli, kikubwa kama jiko la mkaa.

"Hiyo. Haina pampu wala taa. Mami ataipiga vumbi kwa brashi ya rangi, basi."

Nayelis alinuna mpaka mdomo ukamfika puani.

Kisha msichana akaweka pawa saplai mbili mezani. "Hizi nguvu zake ni sawa. Hii ina waranti ya miaka mitatu, na ile ya miaka kumi. Ile ya kumi bei yake iko juu kidogo. Kusema kweli, kaka, wengi wanachukua ya mitatu, maana nani anakaa na kompyuta moja miaka…"

"Ya kumi," Radhamés alisema.

Hakufikiri hata kidogo. Angekuna kichwa, au angeuliza bei, Yokasta asingeshtuka. Lakini alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Yokasta akahisi ile kamba ikimponyoka mkononi. Alimtazama mumewe, mumewe alikuwa akitazama kucha za muuzaji.

Njia nzima alijikaza. Nyumbani alipika wali na maharage, akampa Nayelis ukoko anaoupenda, akaosha vyombo mara mbili. Sebuleni Radhamés alipaka dawa nyeupe ya kupitisha joto juu ya prosesa, kidogo tu kama punje ya mchele, akafunga lile bonge, akapanga nyaya moja moja.

"Nipe huo waya wa ukutani, mpenzi," alisema bila kugeuka.

Yokasta akauchukua. Plagi yake ilikuwa na meno matatu, na ukuta wao, kama kuta zote za mtaa ule, ulikuwa na matundu mawili. Mkono ulifanya ulichofanya kwa jokofu, kwa mashine ya kufulia, kwa kila kitu kilichowahi kuingia katika nyumba ile. Akachukua plaizi juu ya kabati, akalibana lile jino la tatu, la mviringo, akalivunja. Ka!

"Yokasta!"

Alikuwa hajawahi kumfokea namna ile. Nayelis akaacha kutafuna.

"Hilo ni jino la ethi! Ndilo linalotoa umeme mbaya nje, ardhini! Kwani nimehangaika na nini wiki nzima? Nani atakuja kuitengeneza ikiungua? Nani?"

"Utaitengeneza wewe," alisema Yokasta polepole. "Miaka miwili, si ndiyo? Itakusubiri."

Radhamés aliokota lile jino sakafuni, akalitazama, akatoka nalo uani. Yokasta akamfuata. Pale kwenye karo la kufulia kulikuwa na nondo ya shaba na waya wa kijani, alivyovinunua bila kumwambia, pamoja na soketi mpya ya matundu matatu.

"Ulijibu haraka sana," Yokasta alisema. "Ile ya kumi."

"Ni pawa saplai nzuri."

"Radhamés. Mimi siyo muuzaji."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jasho lilikuwa likimtiririka kidevuni, na huenda halikuwa jasho peke yake.

"Chepe naye aliaga kwa miaka miwili," alisema. "Sasa ana tisa. Kila anayepita njia ile anasema miwili. Ukishapita, hutoki mpaka upate karatasi za kuishi kule, na zenyewe hakuna ajuaye zinatoka lini. Mtoto wa Chepe anamwita babu yake baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kumi, ungenifungia begi?"

"Ningelificha begi."

"Basi ndiyo hivyo."

Redio ya jirani ilikuwa ikiimba, mtu akaizima katikati ya wimbo. Yokasta alitamani kumpiga, na alitamani kumshika uso kwa mikono yake miwili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Hapakuwa na kazi mjini, hilo walilijua wote wawili, walikuwa wamelizungumza mpaka likaisha maneno. Mwisho akaichukua ile nondo, akaisimamisha kwenye udongo laini kando ya karo, akaishika wima.

"Piga," alisema. "Ukinipiga vidole, utajuta mpaka huko kwa Wamarekani."

Radhamés akachukua nyundo, akapiga. Walifanya kazi ile hadi nondo ikazama karibu yote, mmoja ameshika na mwingine anapiga. Kisha Radhamés akapitisha waya dirishani, akafunga soketi mpya, akampitisha Yokasta katika kila hatua kama mwanafunzi: huu wa kijani usiuguse, vumbi kila mwisho wa mwezi, mawingu yakikusanyika chomoa. Waya wenye jino lililovunjika wakautupa, akaleta mwingine kutoka kwenye boksi la vipuri vya duka. Yokasta alirudia yote kwa sauti mpaka akayasema bila kukosea.

Alasiri ile umeme ulikuwapo. Radhamés alibonyeza, na lile bonge baya likaanza kuzungusha feni yake kimya kimya, huwezi kuisikia mpaka uweke sikio. Aliangalia namba za joto kwenye kioo cha kompyuta, akasubiri, akaziangalia tena. Hazikupanda.

"Itakaa," alisema. "Hii itakaa."

Akampakata Nayelis. Kwenye kioo kulitokea uwanja wa kijani, mtupu, na watu wawili wa kuchora wamesimama katikati yake.

"Huyu ni wewe, huyu ni mimi. Chagua pa kuweka nyumba, malkia."

Mtoto hakushika kitufe. Alikuwa amenyoosha vidole vyake mapajani, akivikunja kimoja kimoja, midomo ikicheza. Vilipokwisha aliendelea na vya baba yake, na Radhamés akamwachia mkono wake. Yokasta, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, alijua mtoto anahesabu nini kabla hajamaliza, na hakuwa na namna ya kumzuia.

"Waranti ikiisha nitakuwa na miaka kumi na saba," Nayelis alisema.